Njiti

Neno hili nililijua kwanza kwa kibiriti.
Kwetu Katumba mvua haipiti, inahamia;
njiti zinalowa zikiwa bado ndani ya boksi,
na mama alizificha kwapani
apate walau moja ya kuwasha.
"Usichezee njiti," alisema,
"hiyo ndiyo chakula cha jioni."

Mara ya pili neno lilikuja limevaa kofia ya sufu.
Wodini Tukuyu, Julai, madirisha yanatoka jasho,
nesi akasema: "Ni njiti. Kilo moja na robo."
Mimi mchuma chai. Kilo moja na robo naijua:
haifuniki hata kitako cha kapu,
karani wa mizani haiandiki, anakwambia ongeza.
Nikamfunga kifuani, ngozi kwa ngozi,
juu yake kitenge, juu ya kitenge sweta,
siku arobaini na moja
nikawa mimi ndiye jiko.

Alikuwa wa nne.
Wa tatu alikuwa hajaacha ziwa.

Baba yao yuko Chunya, anafukua dhahabu ya watu.
Huja na udongo mwekundu ndani ya kucha
na swali moja: "Mwaka huu je?"

Mara ya tatu neno likaingia mkononi.
Zahanati, asubuhi, ukungu umefika kizingitini.
Sista Ndimbumi akauliza, "Mkono gani huchumi nao?"
Nikacheka. Chai huchumwa kwa yote miwili.
"Basi wa kushoto."
Ganzi. Kisha mwiba unaoingia kwa adabu.
Plasta, na kadi yenye tarehe ya miaka mitatu mbele.
Niliikunja nikaitia kwenye kopo la mbegu za maharage;
mbegu hakuna anayezigusa kabla ya msimu.

Mengine yakafanywa na sweta.
Ashukuriwe aliyeumba baridi ya Rungwe:
huku haulizwi mtu kwa nini mikono mirefu.

Lakini damu haikuisoma kadi.
Siku kumi na saba nilifua usiku,
kisha miezi mitatu hata tone,
na mama mkwe, Gwantwa, akiisoma kamba yangu ya kuanikia
kama mtu anayesoma barua ya mwenzake.
"Mbona kimya?"
"Chai imezidi, mama."
Kwenye foleni ya mizani wakasema kinatembea,
kinapanda bega, kinashuka kutafuta moyo;
mke wa fulani, kule Kiwira, alipasuliwa
kikakutwa kimelala juu ya ini.
Nikawa nakipapasa kila usiku
kama msafiri anayepapasa nauli.
Kipo? Kipo.

Sisemi sikuogopa.
Wala sisemi sikumkumbuka wa tano, yule asiyekuja.
Siku nyingine, nikiwa katikati ya mistari ya chai
na kapu halijafika nusu,
nilimpa jina. Subilaga.
Kisha nikachuma haraka haraka.

Juzi mwanangu alinikuta naoga kwenye beseni.
Karibu anafika miaka minne. Kitongoji kizima humwita Njiti,
naye huitika kwa sauti ya ndama dume.
Akabonyeza mkono wangu.
"Hii nini?"
"Njiti."
"Kama mimi?"
Maji yalikuwa yanapoa.
"Kama wewe. Nimeifunga isipate baridi."
Akaridhika, akaenda kufukuza kuku.

Kesho ndiyo tarehe ya kadi.
Sista atauliza: tutoe tu, au tuweke kingine?
Baba yao anashuka stendi Jumamosi.
Nimetoa kadi kwenye maharage, ina vumbi la mbegu,
nimeanika sweta juu ya moto.
Mkono mmoja umekauka.
Ule wa kushoto bado.